Dueti za huzuni za Kituruki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wasikilizaji wa Kiswahili wengi huingia kwenye muziki huu kupitia mlango mmoja: wimbo wa taratibu, gitaa, sauti ya mwanamume, kisha ya mwanamke, na majonzi ambayo hayahitaji tafsiri ili yakufike. Baada ya hapo maswali huanza, na mara nyingi ni yaleyale. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya pembeni. Jibu likishatolewa mahali pengine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya kuanzia

1. Huu unaoitwa "alternatif" ni muziki gani hasa?

Waturuki hulitumia jina hilo kwa upana sana. Kwa ufupi ni muziki wa bendi na waimbaji wanaojitungia wenyewe, gitaa likiwa katikati, ambao hawakupita njia ya pop ya televisheni.

Mizizi yake ni mirefu kuliko jina lenyewe. Mwaka 1965 gazeti la Hürriyet lilianzisha shindano la Altın Mikrofon, yaani Maikrofoni ya Dhahabu, likiwataka vijana wapige nyimbo za Kituruki kwa vyombo vya kimagharibi. Shindano lilidumu hadi 1968, na kizazi kilichokuzwa na wimbi hilo ndicho kilichozaa Anadolu rock: bendi ya Moğollar iliyoundwa 1967, Cem Karaca, Barış Manço, Erkin Koray, Selda Bağcan. Walichukua nyimbo za vijijini za Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, wakazipigia gitaa la umeme. Mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 12 Septemba 1980 yaliukata mkondo huo kwa ukali. Cem Karaca aliishi uhamishoni Ujerumani mpaka 1987.

Wimbi lililofuata ni la miaka ya 1990. Bendi ya mor ve ötesi ilianza 1995, Şebnem Ferah akatoa albamu yake ya kwanza 1996, na Duman wakatoa yao 1999. Hawa waliifanya roki ya Kituruki iwe ya mjini na ya ndani ya moyo zaidi. Kisha katika miaka ya 2010 wakaja akina Büyük Ev Ablukada, Adamlar, Yüzyüzeyken Konuşuruz na Kalben, ambao sauti zao ni za chini, karibu na maongezi. Dueti nyingi zinazosambaa leo kwenye simu za vijana zinatoka katika tabaka hili la mwisho.

2. Kuna tofauti gani na arabesk?

Arabesk ni ndugu mkubwa ambaye familia ilimkana kwa muda mrefu. Ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati maelfu ya watu wa vijijini walipohamia Istanbul na miji mingine wakajenga nyumba za haraka pembezoni mwa mji, zinazoitwa gecekondu. Orhan Gencebay ndiye jina la kwanza, kisha Ferdi Tayfur na Müslüm Gürses. Ulisikika kwenye kaseti na kwenye dolmuş, ambazo ndizo daladala zao. Redio na televisheni ya taifa, TRT, haikuupiga, kwa kuwa wakubwa wa utamaduni waliuona wa kishamba na wa kukatisha tamaa.

Kwa masikio, tofauti ni hii: arabesk hulia kwa sauti kuu, na fidla nyingi nyuma ya mwimbaji, na mtu anayalalamikia majaliwa yake. Alternatif inasema jambo lilelile kwa kunong'ona. Lakini damu ni moja, na vijana wa leo hawaoni haya tena kulisema hilo. Mwaka 2006 Müslüm Gürses mwenyewe alitoa albamu ya *Aşk Tesadüfleri Sever*, iliyokuwa na nyimbo za roki za kimagharibi zilizotiwa maneno ya Kituruki. Mwanamume aliyekuwa sauti ya wanyonge wa pembezoni akaingia kwenye vyumba vya wanafunzi wa chuo. Kwa maoni yangu ukuta kati ya pande hizi mbili ulibomoka hapo.

3. Kwa nini wawili? Wimbo wa huzuni hautoshi kuimbwa na mmoja?

Unatosha, na nyingi ni za mmoja. Ila wimbo wa wapenzi wawili una historia ndefu kuliko studio yoyote. Katika Anatolia kuna wasimulizi wanaoitwa âşık, watu wanaotembea na bağlama, ala ya nyuzi (swali la 7), na kusimulia hadithi ndefu za mapenzi. Mwaka 2009 UNESCO iliuweka utamaduni wao kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Hadithi ikifika mahali ambapo maneno ya kawaida hayatoshi, msimulizi huacha kusimulia na kuimba: ubeti wa kijana, kisha ubeti wa binti. Leyla na Mecnun, ambao pwani yetu inawajua kama Laila na Majununi, wako humo. Ferhat na Şirin wako humo. Kerem na Aslı pia, na hawa nitawarudia kwenye swali la 6, kwa kuwa bila wao mashairi mengi hayaeleweki.

Kwa hiyo mwimbaji wa leo anapomwita mwenzake studio, anachofanya ni kuwapa wapenzi wale sauti mbili za kweli badala ya koo moja la msimulizi.

## Huzuni yenyewe

4. Mbona Waturuki wana huzuni namna hii?

Si wote, na si nyimbo zote. Nenda kwenye harusi ya Kituruki uone halay, watu wameshikana vidole wamepanga mstari, au nyimbo za Waroma za mapigo tisa, hutakaa chini. Lakini ni kweli kwamba huzuni ina heshima katika muziki wao, na sababu zipo.

Ya kwanza ni ağıt, maombolezo ya msiba, ambayo mara nyingi huimbwa na wanawake wakimtaja marehemu na mambo yake. Ya pili ni gurbet, hali ya kuwa ugenini mbali na wako. Tarehe 30 Oktoba 1961 Uturuki na Ujerumani zilitia saini mkataba wa wafanyakazi. Wanaume wakaondoka kwa maelfu, na wake, wachumba na mama wakabaki na barua. Kabla ya hapo na baada ya hapo kulikuwa na safari ya ndani, kutoka vijijini hadi Istanbul, wengi wakishukia stesheni ya Haydarpaşa upande wa Asia na kuiona bahari kwa mara ya kwanza wakiwa wamebeba mizigo. Yeyote aliyekulia katika nyumba ambayo baba yuko Muscat au Jeddah anajua gurbet ni kitu gani.

Ya tatu ni ya kiroho. *Mesnevi*, shairi refu la Mevlana Rumi, mshairi wa Kisufi aliyefariki Konya mwaka 1273, inaanza na nai inayolia kwa sababu imekatwa kutoka kwenye matete yake. Kwa fikra hiyo, kutengana ndiko kunakotoa sauti. Mwandishi Orhan Pamuk, katika kitabu chake kuhusu Istanbul cha 2003, ameandika kurasa nyingi juu ya huzuni kama hali ya mji mzima, inayobebwa na wakazi wote kwa pamoja. Nakubaliana naye kwa hili: katika nyimbo zao huzuni haifichwi kama aibu ya mtu mmoja. Watu hukaa mezani na kupeana dukuduku zao, na wana kitenzi chake maalumu, dertleşmek.

5. Katika dueti hizi, nani amemkosea nani?

Swali hili huulizwa sana, na linatokana na mazoea yetu. Kwenye kolabo nyingi za Bongo Flava mwanamume anabembeleza, mwanamke anajibu. Kwenye mipasho wimbo una mlengwa, na mlengwa anajijua. Tunategemea majibizano.

Dueti ya huzuni ya Kituruki mara nyingi haina majibizano. Mwanamume anaimba ubeti wake kana kwamba mwanamke ameshaondoka. Mwanamke anaimba wake kana kwamba mwanamume ndiye aliyeondoka. Wote wawili wanasema "wewe", na hakuna anayeitika. Kisha wanakutana kwenye kiitikio, maneno yaleyale, pumzi moja, na bado hawazungumzi. Wamekaa na msiba mmoja, kila mtu kwenye kona yake. Mimi naona hapo ndipo ilipo nguvu ya aina hii ya wimbo, kwamba unakunyima mkosaji. Ukimaliza kusikiliza huna wa kumlaumu, una watu wawili tu walioumia.

Sikiliza pale sauti ya pili inapoingia. Mara nyingi haisubiri mstari uishe. Inaanza juu ya silabi ya mwisho ya mwenzake, chini kidogo, na unasikia pumzi ikivutwa kabla ya neno. Wahandisi wengi wa studio huiacha pumzi hiyo makusudi. Ukisikiliza kwa spika za simu utaikosa.

6. Kwa nini kila wimbo una moto, majivu, ndege au mvua?

Moto na majivu ni vya Kerem. Hadithi yake, kwa masimulizi yanayojulikana zaidi, ni hii. Kerem ni kijana Mwislamu, Aslı ni binti wa kasisi wa Kiarmenia. Baba hataki. Anahama na binti yake mji hadi mji, na Kerem anawafuata miaka mingi, akiuliza habari zao kwa milima, kwa mito na kwa korongo wanaopita angani. Mwishowe baba analazimika kukubali ndoa, lakini anamshonea bintiye vazi la harusi lenye vifungo vya uchawi. Usiku wa arusi Kerem anafungua kifungo kimoja kimoja. Akifika cha mwisho, vyote vinajifunga tena. Anafungua mpaka alfajiri. Kunapokucha anavuta pumzi na kutoa "ah" moja, na katika ile "ah" moto unamtoka kinywani na kumteketeza. Aslı anakaa akiyalinda majivu. Siku anapoyakusanya kwa nywele zake, cheche iliyobaki inazishika, naye anaungua hapohapo.

Msikilizaji wa Kituruki hahitaji kuelezwa haya yote. Akisikia "kül", majivu, au "yanmak", kuungua, hadithi nzima imeshapita. Vivyo hivyo turna, yule korongo, ni mbeba salamu za walio mbali. Na bülbül, ndege mwimbaji, hulia kwa ajili ya waridi ambalo halimjali. Watunzi wa sasa wameongeza vya mjini: kivuko cha Bosporus (mlango wa bahari unaoikata Istanbul), mvua juu ya kioo cha dirisha, bilauri ya chai iliyopoa, simu isiyoita.

## Muziki

7. Ala inayosikika nyuma ya gitaa ni ipi?

Mara nyingi ni bağlama, ambayo wengi huiita saz: shingo ndefu, tumbo la umbo la nusu ya peasi, nyuzi zilizopangwa katika mafungu matatu. Ikiwa sauti ni ya hewa na yenye mkwaruzo mwembamba, hiyo ni ney, nai tunayoijua. Ikiwa inalia kama mtu mzima mwenye mafua, nzito na ya upinde, huenda ni yaylı tambur. Klarineti ya chini yenye kuteleza ni jambo la kawaida pia.

Kuna moja inayowachanganya hata wapiga gitaa wetu: gitaa ambalo noti zake zinateleza kama za udi. Hilo ni gitaa lisilo na vipande vya chuma shingoni. Erkan Oğur alilitengeneza mwaka 1976 kwa sababu gitaa la kawaida halikuweza kutoa noti alizozihitaji. Noti gani hizo? Soma jibu linalofuata.

8. Kuna mahali mwimbaji anaonekana ametoka nje ya ufunguo. Ni makosa?

Hapana. Muziki wao wa asili unafuata makam, mfumo wa ngazi za noti. Kwenye piano, kati ya noti ya do na re kuna noti moja tu nyeusi. Katika nadharia ya makam umbali huohuo umegawanywa katika sehemu ndogo tisa, ziitwazo koma, na mwimbaji aliyelelewa humo anasikia tofauti ya sehemu moja au mbili. Katika makam ya Uşşak, kwa mfano, noti ya pili huteremshwa kidogo hata kuliko ilivyoandikwa. Teremko hilo dogo linatoa hisia ya kitu kilichotaka kusimama kikashindwa.

Bendi za alternatif mara nyingi huchagua makam zilizo jirani na gitaa: Nihavent, ambayo inakaribiana na ngazi ndogo ya kimagharibi, au Kürdi. Gitaa linapiga bila shida, na koo la mwimbaji linaongeza koma kwa siri kwenye miisho ya mistari.

9. Kwa nini hawaimbi sauti ya kwanza na ya pili kama kwaya?

Kwa yeyote aliyepitia kwaya ya kanisa hili ni swali la kwanza kabisa. Kwetu watu wawili wakiimba pamoja, mmoja anashika sauti ya pili bila hata kuambiwa.

Muziki wa makam ni wa mstari mmoja. Uzuri wote umewekwa ndani ya mstari huo: wapi unateleza, wapi unakawia, noti ipi unaigusa tu. Ukiweka sauti ya pili juu ya noti iliyoteremshwa kwa koma mbili, zinagongana, na ile noti inapoteza maana. Hivyo waimbaji wawili wa jadi huimba mstari uleule, mwanamke juu na mwanamume chini kwa oktava moja, au hupokezana.

Dueti za sasa zimerithi tabia hiyo hata pale gitaa linapoongoza. Sikiliza viitikio: vingi ni sauti mbili juu ya mstari mmoja. Matokeo yake ni ya ajabu. Sauti hazipambani kwa nakshi, zinalala moja juu ya nyingine, na kwa kuwa hakuna watu wawili wanaoteleza kwa namna moja, unasikia upenyo mwembamba kati yao. Wimbo unasema wametengana. Upenyo huo ndio unaokuonyesha. Sauti ya pili ya kimagharibi ikitumika, mara nyingi huwekwa mwishoni, mara moja tu, na inafika kama mwanga.

Kuna tatizo la ufundi hapa: ufunguo unaomfaa mwanamume kwa oktava haumfai kila mwanamke. Suluhisho la kawaida ni mwanamke kuimba chini, karibu na sauti yake ya kuzungumza. Ndiyo maana sauti za kike katika dueti hizi husikika kama za mtu anayeongea usiku sana.

10. Mbona wimbo unanikumbusha taarab ilhali sijui neno hata moja?

Masikio yako hayajakudanganya. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, anatajwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, na tangu hapo taarab ya visiwani imekuwa ikisikiliza Misri. Istanbul nayo ilisikiliza Misri, kwa njia nyingine. Mwaka 1934 serikali ya Uturuki iliuondoa muziki wa jadi wa Kituruki redioni kwa karibu miaka miwili, ikitaka watu wazoee wa Ulaya. Wengi wakageuza kitufe kutafuta redio ya Cairo, na baadaye filamu za Misri zikajaza majumba ya sinema. Fidla za arabesk zilitoka humo, na arabesk ndiyo imeilea alternatif (swali la 2). Mwanafunzi wa Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya taarab ya Zanzibar iliyoanzishwa 1905, na mpiga fidla wa Istanbul wangeelewana bila mkalimani.

## Maneno

11. Sijui Kituruki. Nitafuatilia vipi?

Anza na matamshi, ni mepesi: *c* ni j, *ç* ni ch, *ş* ni sh. Herufi *ğ* haitamkwi, inavuta tu irabu iliyotangulia. Kisha utagundua kwamba maneno mengi tayari unayo, kwa sababu Kituruki na Kiswahili vyote vimekopa Kiarabu: hüzün, dünya, ruh, zaman, sabır, haber, selam, kader. Ongeza machache ya Kituruki na Kiajemi, kama gece (usiku), yalnız (mpweke), gitmek (kwenda), dert (dukuduku), na nusu ya kiitikio iko mkononi.

Tafsiri za mashine zitumie kwa kujua mada tu. Hukosea zaidi kwenye vitenzi vyenye *-miş*, umbo linaloonyesha kwamba msemaji hakuliona jambo, amelijua baadaye. "Gitmiş" si "ameondoka" kavu. Ni "kumbe ameondoka". Kwenye wimbo wa kuachwa, hiyo "kumbe" ndiyo wimbo.

12. Anayeimbiwa ni mwanamume au mwanamke?

Kituruki, kama Kiswahili, hakitenganishi. "O" ni yeye, awe nani. Ubeti uleule unaweza kuimbwa na mwanamume kisha mwanamke bila kubadili silabi, jambo ambalo mtunzi wa Kiarabu au Kifaransa hulazimika kulihangaikia. Hii ndiyo sababu mojawapo dueti zao zinaweza kuwapa wote wawili lalamiko moja, kama nilivyoeleza kwenye swali la 5.

## Mambo ya pembeni

13. Je, waimbaji wale ni wapenzi kweli?

Kwa kawaida ni wanamuziki wanaofanya kazi pamoja tu. Teoman na Şebnem Ferah walipoimba pamoja *İki Yabancı*, "Wageni Wawili", kilichohitajika kilikuwa sauti mbili zenye uzito sawa. Maisha yao ya faragha tuwaachie wenyewe.

14. Niliusikia kwenye tamthilia. Nitaupataje?

Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili mara nyingi huacha muziki wa asili bila kuugusa, kwa hiyo huenda wimbo uliousikia ndio wenyewe. Tafuta jina la asili la tamthilia kwa Kituruki, siyo jina lililobandikwa huku kwetu, pamoja na neno "müzik" au "şarkı". Andika herufi zao kama zilivyo. Ş badala ya s hubadilisha matokeo. Ukiupata, soma maelezo chini yake: *söz* ni aliyeandika maneno, *müzik* ni aliyetunga, *düzenleme* ni aliyeupanga. Ukifuata jina la aliyeandika maneno utafika mbali kuliko ukifuata la mwimbaji.

15. Wimbo mmoja nimeukuta kwa waimbaji kumi. Mwenyewe nani?

Ukiona "anonim", ni türkü, wimbo wa watu. Hapo badala ya mtunzi hutajwa *kaynak kişi*, mtu wa kijijini ambaye wimbo ulichukuliwa kutoka kinywani mwake, na *derleyen*, aliyeukusanya. Napenda sana desturi hiyo. Mkulima wa Sivas jina lake linabaki kwenye karatasi.

Nyingine zina mtunzi wa kale. Mfano mzuri ni *Gamzedeyim Deva Bulmam*, wimbo wa mtu aliyepigwa na majonzi asiyepata dawa. Ni wa Tatyos Efendi, Mwarmenia wa Istanbul, mpiga fidla, aliyeishi kuanzia 1858 hadi 1913, na uko katika ile makam ya Uşşak ya swali la 8. Zaidi ya miaka mia baada ya kifo chake bendi za vijana wenye magitaa wameurudisha, na maelfu wanadhani ni wimbo mpya. Umestahili.

16. Naweza kuutia maneno ya Kiswahili na kuuweka mtandaoni?

Kutafsiri wimbo ni kutengeneza kazi inayotokana na ya mwingine, hivyo unahitaji ruhusa, hata usipopata shilingi. Sheria ya Uturuki, Na. 5846 ya 1951, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 70 baada ya kifo. Ruhusa huanzia kwa mtunzi au mchapishaji wake. Vyama vyao vya hakimiliki ni MESAM na MSG. Huku kwetu unaweza kuulizia utaratibu kwa ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya.

Wimbo wa Tatyos Efendi muda wake umeisha, uko huru. Lakini mpangilio mpya wa bendi fulani na rekodi yao haviko huru. Rudi kwenye utunzi wa asili, upange mwenyewe.

17. Nikiwa na majonzi yangu, nyimbo hizi hazitanizidishia?

Kwa wengi hufanya kinyume: zinakuondolea upweke, kwa kuwa mtu mwingine amekaa pale ulipokaa wewe. Lakini jiangalie. Ukiona unarudia wimbo mmoja usiku kucha, usingizi umekimbia na chakula hakipiti, zima, mtafute mtu wa kuongea naye, na kama hali inaendelea muone daktari au mshauri.

18. Nataka kutunga dueti ya namna hii kwa Kiswahili. Nianzie wapi?

Anza na mizani, maana nyimbo za Anatolia zinahesabu silabi kama sisi. Semai yao ina silabi nane kwa mstari, sawasawa na kipande cha utenzi, kwa hiyo mtu aliyezoea utenzi ana nusu ya kazi mkononi. Koşma ina kumi na moja, aghalabu sita kisha tano, na huo mkato usio sawa unafaa sana kwa mstari unaovunjika katikati.

Andika ubeti mmoja ambao wote wawili wanaweza kuuimba bila kubadili neno. Hapo Kiswahili kinakubeba (swali la 12). Usimpe yeyote hoja ya kushinda. Chagua kitu kimoja kinachoshikika, kanga iliyobaki kwenye msumari, tiketi ya boti ya Unguja, na usikieleze.

Kwenye ufunguo, mtangulize mwanamke: tafuta noti ya chini kabisa anayoweza kuishika bila kukaza koo, kisha mpange mwanamume oktava moja chini yake, na kama hafiki, mpe mstari wake mwenyewe katika beti na wakutane kwenye kiitikio tu. Zuia hamu ya kuweka sauti ya pili mapema. Kabla ya kiitikio cha mwisho acha ganuni au fidla ichukue ubeti mzima peke yake, bila ngoma. Na ukiweza, warekodi wote wawili chumba kimoja kwa wakati mmoja, hata kama vipaza sauti vitaingiliana, kwa sababu pumzi zao zitapishana zenyewe na hakuna programu inayoweza kuzipanga hivyo baadaye.